Miti Arobaini ya Bondeni

Kila asubuhi Sisimizi alifagia uwanja, akachota maji kisimani, kisha akamchemshia mama chai. Walimwita Sisimizi kwa udogo wake: miaka kumi na miwili, kimo cha mtoto wa minane.

Jumamosi hiyo mama yake, mpimaji wa miti ya kijiji, alikuwa akipanguza daftari lake.

"Mkaguzi anakuja leo," alisema. "Miti yetu inanyonya hewa chafu na kuihifadhi shinani. Vipimo vikikubaliwa, mradi unatuletea mabomba matatu ya maji. Nipe fimbo hiyo."

Sisimizi aliishika fimbo, akashtuka. Alama nyekundu ya fimbo ilikuwa juu ya utosi wake! Kila mti hupimwa unene usawa wa alama ile. Juma lililopita, mama alipoteguka mguu, alimtuma akapime miti arobaini ya bondeni. Fimbo akaisahau. "Si mama hupima usawa wa kifua?" alijiambia, akazungusha utepe usawa wa kifua chake mwenyewe. Huko chini mti ni mnene zaidi.

"Mbona hunywi chai?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, upepo?"

Msituni watu walikuwa wamekwisha kusanyika. Mwenyekiti wa kijiji alimtania, "Sisimizi, mabomba yakija hutatumbukia tena kisimani!" Watu wakacheka. Yeye alitazama njia ya bondeni.

Mkaguzi, mwanamke mrefu mwenye miwani, alipima miti kumi ya mlimani. Yote ililingana na daftari. Kila alipogeuka, Sisimizi alidhani sasa atateremka bondeni. Hakuteremka. Alifunga mkoba wake.

"Inatosha. Hongereni."

Vigelegele vikapasuka. Sisimizi alimtazama mama akicheka huku ameegemea mguu mzima. Nani angejua? Lakini alipenya kati ya watu.

"Shangazi," alimwambia mkaguzi, "ya bondeni nilipima mimi. Bila fimbo. Nilipima kwenye kifua changu."

Vigelegele vilikatika. Mama alishika mdomo.

"Mtoto huyu ametumaliza!" mwenyekiti alifoka.

Mkaguzi alifungua mkoba tena. "Nipeni utepe."

Walipima miti yote arobaini, mama akichechemea, Sisimizi akishika fimbo. Jua lilipofika utosini, mkaguzi alijumlisha.

"Vipimo vimepungua. Mabomba yatakuwa mawili." Watu wakaguna. "Lakini mwakani ningepima bondeni nikakuta miti imekonda, ningewafuta kabisa kwenye mradi. Nani angeamini kwamba miti inakonda?"

Mwenyekiti alijikuna kichwa, kisha akacheka mwenyewe.

Njiani Sisimizi alilia. "Nimepoteza bomba, mama."

"Umeokoa mawili," mama alijibu, akimwegemea begani. "Na mimi nimekosa, nilikutuma bila kukuonyesha. Sikiliza, mwanangu: mti haunenepi kwa kalamu. Ukikosea, sema mapema, hata kama wenzako wanashangilia. Haya, tembea polepole. Mguu wangu haujasahau kuteguka."