Mustang ya Fundi Chediel

Sumaku iliganda kwenye kioo.

Emiliana aliitazama, akadhani jua la saa sita limemchanganya. Ilikuwa sumaku ndogo ya spika, aliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi, na kwa miaka kumi na tatu ndiyo iliyomwambia gari lipi ni bati tupu na lipi limejazwa puti, ule udongo wa kuficha mabonde. Penye bati hunata, penye puti nene huanguka, na kwenye kioo hainati kabisa. Akaibandua, akaigusisha kwenye tairi. Ikanata.

"Unaonaje?" aliuliza Fundi Chediel kutoka kivulini.

"Bado naangalia, fundi."

Ilikuwa Mustang nyekundu ya mwaka 1968, silinda nane, iliyolala chini ya turubai miaka mingi kabla Chediel hajaifufua katika gereji yake hapo Mkiwa. Saa nane angekuja Gerald, mwenye kukodisha magari ya harusi Singida mjini, kuichukua. Sharti lake lilikuwa moja: Emiliana, mkaguzi anayemwamini, aandike kwamba gari ni halisi na ni zima. Na Chediel ndiye aliyempa Emiliana nyundo ya kwanza, siku ambazo mafundi wengine walimwambia akatafute cherehani.

Akafungua boneti. Namba ya chasisi ilisomeka vizuri, tarakimu zimekaa sawa. Lakini alipopitisha kucha juu yake, kucha ilikuta michubuko: namba ya zamani ilisagwa, mpya ikagongwa. Akajilaza chini ya gari. Sakafu ilionekana laini kama sahani. Akafumba macho akaifuata kwa vidole, na chini ya viti vya mbele akagusa mshono wa kuchomelea, mnene kama kidole gumba, umekatiza gari ubavu hadi ubavu. Akafumbua macho. Palionekana laini tena, hapana mshono.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia, udi pamoja na nywele zilizoungua. Na sauti ikasema karibu na sikio lake, kwa upole, "Andika ni halisi."

Alitoka chini ya gari kwa magoti. Kabla hajasimama, Eliza, mke wa fundi, alimwita kutoka jikoni nyuma ya gereji. "Emi, mwanangu, njoo unywe chai."

Emiliana alifungua kinywa kuitika. Chediel akamshika mkono.

"Usiitike," alinong'ona.

"Mama ananiita."

"Eliza yuko mnadani Issuna tangu asubuhi."

Jikoni mtu akakohoa, kikohozi kile kile cha Eliza cha miaka yote, kisha kijiko kikazungushwa kwenye kikombe, taratibu, kikaendelea kuzungushwa.

"Umefanya nini, fundi?"

Mzee alikaa juu ya tairi. "Mbele ni Mustang ya kweli. Nyuma ilikuwa imeoza, nikaunga ya gari lingine. Nilijua wewe utaiona, nimekufundisha mwenyewe. Nikaenda kwa mtu, porini huko Rungwa, anipe kitu cha kufumba macho ya mkaguzi. Nilidhani ni dawa. Ni jini. Lilipomaliza kwenye gari likaingia nyumbani. Wiki ya tatu sasa namsikia Eliza chumbani na Eliza jikoni. Juzi nimekula ugali wa mmoja wao, na sijui ni wa yupi."

"Litaondoka lini?"

"Gari likinunuliwa. Litaondoka nalo."

"Na maharusi watakaokaa ndani? Huo mshono ukiachia mteremko wa Sekenke, utawaambia nini wazazi wao?"



Emiliana akachukua fomu, akaiweka juu ya boneti, na alipogusisha kalamu kwenye karatasi, baridi ilianzia ncha za vidole ikapanda hadi kiwikoni, na mkono wake wa kulia ukafa pale pale huku harufu ya nywele ikimjaa kooni, na sauti, ambayo sasa ilitoka kwenye taa, kwenye milango, kwenye kila bati la gari lile, ikarudia kwa upole ule ule kwamba aandike neno moja tu, halisi, aende zake nyumbani na mkono wake.

"Wanaume wenye nyundo walinifukuza sikuondoka," alisema Emiliana. "Sembuse wewe usiye hata na uso."

Akahamishia kalamu mkono wa kushoto. Herufi zilitoka zimepinda kama za mtoto: *Magari mawili yameungwa. Namba imeghushiwa. Halifai barabarani.* Akasaini.

Chediel aliisoma karatasi ile kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akachomeka grenda ya kukatia chuma kwenye umeme.

"Fundi, hiyo ni kazi ya miaka miwili."

"Ni yangu," alisema mzee. "Mshono huo ndio uliolileta; nitaukata mwenyewe."

Alipiga jeki, akaingia chini. Cheche zilipoanza kuruka, Eliza wa jikoni alilia, akaomba, akamtaja mumewe kwa jina la utani ambalo hakuna mwingine aliyelijua, kisha akacheka kwa sauti ya Chediel mwenyewe, na mzee, machozi yakichanganyika na vumbi la chuma, hakuinua grenda hadi mshono wote ukaachia na nyuma ya gari ikaanguka chini kwa kishindo. Jikoni kukawa kimya. Harufu ikakatika.

Gerald alifika, akasoma fomu, akatazama vipande viwili vya gari, akaondoka bila kuaga. Jioni Eliza alirudi na vumbi la Issuna miguuni. Mumewe alimshika mikono yote miwili, akamtazama hadi mkewe akauliza kama amekunywa pombe.

Mkono wa kulia wa Emiliana haujapona. Unashika kikombe, unashika nyundo, lakini kalamu hapana, isipokuwa siku moja moja mchana, akisinzia mezani. Akiamka hukuta fomu imejazwa kwa mwandiko wake mzuri wa zamani, neno moja tu, kutoka juu hadi chini: halisi, halisi, halisi. Huichana, huchukua fomu nyingine, na kwa mkono wa kushoto huandika alichokiona.