Dawa ya Kupe Jikoni

Nyumba ile ya Kongowe, Kibaha, ilikuwa na vyumba vinne, jiko moja na uzio mmoja. Familia mbili zilihamia humo wiki moja.

Kabula na mumewe Magembe walitoka Magindu, walikokuwa wafugaji. Walihama ili mtoto wao, Eliya, awe karibu na shule. Ng'ombe waliwauza. Walibaki na mbuzi watatu tu.

Upande wa pili walikaa Fadhila na mumewe Husseini. Fadhila alikuwa mwenyeji wa Kurui, Kisarawe, na alishona nguo sokoni. Husseini alifanya kazi ofisini Dar es Salaam. Binti yao Firdausi alikuwa na miaka minne.

Siku za kwanza walioneana haya. Kila mmoja alimsubiri mwenzake atoke jikoni ndipo aingie. Mwishowe Fadhila akauliza, "Mama Eliya, hili jiko tuligawe vipi?"

"Tusiligawe," Kabula alijibu. "Tupike tu."

Basi wakapika pamoja, wakacheka, wakazoeana. Fadhila alipokwenda sokoni, Firdausi alibaki na Kabula. Mbuzi mmoja alikuwa na maziwa. Kabula aliyatia kwenye chupa za maji na kuziweka dirishani jikoni. Mtoto akitaka, alimmiminia kikombe.

Mwezi wa pili mbuzi walipata kupe. Ndugu yao Kashindye, aliyebaki Magindu, aliwagawia dawa kidogo kutoka kwenye kopo lake. Kabula aliichanganya na maji, akawanyunyizia mbuzi. Dawa ikabaki. Aliona vibaya kuimwaga. Akatafuta chombo, akaona chupa tupu ya maji, akaitia humo na kuiweka dirishani. Ilikuwa nyeupe kama maziwa. Alijiambia ataiondoa akimaliza kufua.

Alikuwa bado anafua Firdausi alipokuja uani, mkono mdomoni.

"Mama Eliya, maziwa ni machungu."

Kabula alitazama gauni la mtoto. Lilikuwa na matone meupe, na lilinuka dawa. Alimbeba, akamtia kidole kooni. Mtoto akatapika, akapaliwa, akakohoa mno. Kabula akakimbilia kikombe cha maziwa ya kweli ili amnyweshe.

Jirani yao Atupele, mhudumu wa afya wa mtaa, alisikia kikohozi kile akaingia.

"Amekunywa nini?"

"Dawa ya kupe."

"Usimnyweshe kitu. Usimtapishe tena. Dawa ikipanda juu inaweza kuingia kwenye mapafu. Mvue gauni, umwoshe mdomo na ngozi. Halafu chukua ile chupa, twende hospitali."

Kwenye bajaji Firdausi alianza kusinzia. Atupele alimlaza ubavu na kutazama kifua chake kikipanda na kushuka. Kabula alimwita jina lake njia nzima. Mwanzoni mtoto aliitika. Baadaye hakuitika.

Hospitalini daktari aliishika ile chupa. "Hii ni dawa gani?"

"Ya kupe," Kabula alisema.

"Dawa za kupe ni nyingi, mama. Kila moja ina matibabu yake. Kopo lake liko wapi?"

Kopo lilikuwa Magindu. Kabula alimpigia Kashindye simu, haikupatikana. Alipiga tena na tena. Mlango wa chumba alimokuwa mtoto ulifunguliwa na kufungwa, wauguzi wakaingia na mashine ya kumsaidia kupumua. Karibu saa nzima ilipita kabla Kashindye hajarudi kutoka machungani na kusoma maandishi ya kopo, herufi kwa herufi.

Fadhila, aliyepigiwa simu na Atupele akaelezwa yote, alifika uzi wa cherehani ukiwa bado umemnasa kwenye kanga. Alimtazama mwanawe, kisha akamgeukia Kabula.

"Nani aliiweka dawa dirishani?"

Kabula angeweza kusema hajui. Watu wengi walipita jikoni mle.

"Ni mimi," alisema. "Niliitia kwenye chupa ya maji. Nisamehe, Mama Firdausi."

Fadhila akaondoka mbele yake. Alikaa kwenye benchi akampa mgongo.

Firdausi alilazwa siku tisa. Sumu iliisha mwilini mapema, lakini mapafu yaliugua kwa sababu ya matapishi yaliyompalia. Daktari alieleza hivyo bila kumlaumu mtu. Kabula alijilaumu mwenyewe. Kidole kile kilikuwa chake.

Mtoto aliporudi nyumbani, Atupele aliziita familia zote mbili.

"Niwaambie bila kuficha," alisema. "Nyumba nyingi zinafanya hivi. Mafuta ya taa, dawa ya panya, dawa ya shamba, vyote vinatiwa kwenye chupa za soda. Mtoto hasomi. Anaona chupa anayoijua, anakunywa. Dawa ikae kwenye kopo lake lenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na jikoni. Changanyeni ile inayotosha tu."

"Na ile iliyobaki niimwage chooni?" Magembe aliuliza.

"Hapana. Tutamuuliza afisa mifugo. Na kopo likiisha, msichotee maji. Litoboeni."

Siku ileile Magembe alitengeneza sanduku la mbao, akalipigilia juu ukutani karibu na banda la mbuzi, akatia kufuli. Husseini alimshikia mbao. Wakakubaliana ufunguo ukae kwa watu wazima. Tangu hapo dawa haikuingia jikoni tena. Kashindye naye aliposikia, alikataa kuwagawia watu dawa kwenye chupa.

Lakini Fadhila alirudi kupika peke yake. Alimchukua Firdausi sokoni kila siku, akamkalisha chini ya meza ya cherehani. Usiku mtoto alikohoa, na Kabula alisikia kupitia ukutani. Hakulalamika. Aliwasalimu, akafagia ua wote, akangoja.

Siku ya kliniki ya watoto ilipofika, Atupele alimwomba Kabula awaeleze akina mama yaliyompata. Kabula alisimama, akaeleza yote. Hakuacha hata lile la kidole. Fadhila alikuwa amekaa nyuma na mwanawe, akisikiliza.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja simu ikatoka Kurui: shangazi yake Fadhila amefariki. Fadhila alifunga mkoba haraka, akatoka uani amemshika Firdausi mkono. Alisimama mbele ya Kabula.

"Msibani kuna vumbi, na kifua chake bado hakijapona," alisema. "Nitarudi jioni. Mwangalie."

Akauachia mkono wa mtoto. Kabula akaupokea. Fadhila alipofika getini aligeuka kutazama, akageuka tena, ndipo akaenda.