Nilimhamisha Mama Ili Uwanja Utimie Vipimo

Nina miaka arobaini na nne. Sina mke, sina nyumba, na elimu yangu ni ya kidato cha nne. Ninaandika haya nikiwa Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenye chumba cha kupanga karibu na gati, ambako kazi yangu ni kupakua mizigo. Mwezi ujao sijui nitakuwa wapi.

Wasomaji wenzangu, nimesoma mikasa yenu kwa miaka mingi, kwenye vyumba vya wageni na kwenye mabenchi ya stendi. Mara nyingi mnalia mnapoandika. Mimi silii. Nimejaribu, haikuja... Basi nitaeleza tu yalivyokuwa.

Mama yangu alikuwa Mhaya. Alikuja Mwanza kwa meli akiwa binti, akaolewa, akafiwa na mume mapema, akatulea mimi na dada yangu Editha kwa kuuza ndizi sokoni. Kidogo kidogo akanunua kiwanja Buswelu, wakati Buswelu bado ilikuwa mawe na vichaka. Mita ishirini kwa thelathini. Akajenga vyumba viwili, na nyuma akapanda migomba aliyoileta kutoka kwao, machipukizi yakiwa yamefungwa kwenye gunia lenye unyevu.

Kila mgeni aliyefika alionyeshwa jinsi kiwanja kile kilivyokuwa tambarare. Mtu asiyeijua Mwanza anaweza kucheka. Lakini kwetu watu hujenga juu ya mwamba, wanapanda ngazi kwenda chooni. Kuwa na ardhi tambarare ilikuwa fahari ya mama.

Sekondari nilicheza mpira wa kikapu. Nilikuwa mrefu, na rafiki yangu Magesa, mtoto wa Ukerewe, alikuwa na akili ya mchezo. Alikuwa anapiga pasi bila kunitazama na mpira unanikuta mkononi. Jioni tulirudi bwenini tumelowa jasho, tunabishana nani amefunga zaidi. Nimeishi sehemu nyingi tangu wakati ule, na sehemu zote nilikuwa nazikumbuka jioni zile.

Magesa alifaulu, akaendelea na masomo. Mimi nikaanza kuzunguka. Geita, Kahama, Kigoma, Tabora, halafu Geita tena. Nilichimba, nilipika, nilikuwa utingo wa lori. Nikikaa mahali msimu mmoja miguu ilianza kuwasha. Mama alikuwa akipiga simu, na hakuuliza kama nina hela au nimeoa. Aliuliza kitu kimoja tu: “Deo, uko wapi sasa?”

Alifariki nikiwa Kahama. Nilifika kaburi limeshachimbwa nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba yake, kama alivyotaka mwenyewe. Dada Editha ndiye aliyemuuguza, peke yake, akiiacha familia yake Misungwi na kuirudia. Matanga yalipokwisha aliniita ndani.

“Mimi nina kwangu,” alisema. “Wewe kaa hapa na mama. Alipokuwa hai hukukaa naye. Sasa kaa.”

Nikakaa. Mnaweza kuamini? Mtu kama mimi. Asubuhi nilifagia kaburi, nikakata majani makavu ya migomba, nikaenda kutafuta vibarua, nikarudi. Miguu haikuwasha.

Nyuma ya kiwanja chetu kulikuwa na chuo cha binafsi kilichokuwa kinakua kwa kasi. Siku moja nikiwa kwenye migomba nikasikia sauti ng’ambo ya uzio.

“Wewe Deo! Nilidhani hata huo urefu umeshauuza huko ulikokuwa unazurura.”

Alikuwa Magesa. Tumbo limekaa juu ya mkanda, tai shingoni. Ndiye aliyekuwa ameshika mambo ya fedha pale chuoni. Tulicheka mpaka wanafunzi wakasimama kututazama. Wiki ile ile alinipa kazi ya kufundisha timu ya kikapu.

Timu yenyewe ilikuwa ya pili kutoka mkiani katika msimamo wa vyuo vya kanda. Uwanja wao ulikuwa udongo wenye mteremko. Mpira ukitoka nje unabingirika hadi kwenye mawe chini, na mazoezi yanasimama. Nahodha wao, kijana mmoja mrefu aitwaye Kulwa, aliniambia siku ya kwanza, “Kocha, shikamoo. Huu siyo mpira wa kikapu, huu ni mchezo wa kukimbiza mbuzi.”

Lakini walikuwa wanajua. Niliwafundisha kile ambacho Magesa na mimi tulikuwa tunafanya, pasi bila kutazama. Tukaanza kupanda. Tatizo likabaki moja... Kwa kuwa hatukuwa na uwanja unaokubalika, hata mechi zetu za nyumbani tulichezea kwa watu. Kila wiki sisi ni wageni. Tukafika katikati ya msimamo, tukakwama hapo.

Siku moja Magesa alikuja kwangu jioni na soda mbili. Tulikaa mlangoni. Alieleza mambo ya chuo kwa namna ambayo hata mimi wa kidato cha nne nilielewa. Vyuo vimekuwa vingi, wanafunzi wanagombaniwa, na ada ndiyo inayolipa kila kitu, mpaka chaki. Timu ikiongoza kanda, redio itataja jina la chuo kila wiki, wazazi watalisikia.

“Sisi hatuuzi masomo, Deo,” alisema. “Masomo kila mtu anayo. Tunauza jina.”

Halafu akaangalia kiwanja cha mama. Urefu wake, upana wake, ule utambarare wake. Hakuhitaji kusema. Nilikuwa nimeshapima kwa macho tangu siku ya kwanza, maana mchezaji hawezi kuona ardhi tambarare akaacha kupima. Ukichukua na kipande kidogo cha chuo nyuma ya uzio, uwanja kamili unaingia.

Alisema nitapewa ajira ya kudumu na chumba ndani ya chuo. Uwanja utakuwepo maadamu chuo kipo, na mimi nitakuwa kocha wake. Utaitwa kwa jina la mama. Mimi nilikuwa nasikia kelele za mpira tu, na watu, na jioni zile za zamani zikirudi.

Fundi alikuja na kamba. Akapigilia vigingi, akavuta, akapima, akasimama pembeni ya migomba akijikuna kichwa. Vyumba viwili vingebomolewa, hilo tulijua. Ila kaburi lilikuwa ndani ya mstari, karibu chini ya goli la upande wa mashariki.

Magesa alisema tunaweza kupunguza uwanja. Nataka mlijue hilo, kwa sababu mtamchukia, na hapa alisema hivyo. Fundi akajibu kwamba ukipunguza, wakaguzi wa kanda hawataukubali, na hapo ni heri kubaki na ule wa mbuzi.

Kisha nikasikia mtu akisema, “Mama tutamhamisha.”

Nilikuwa ni mimi.

Nilimpigia simu Dada Editha. Nilimweleza yote, pamoja na jina litakaloandikwa kwenye sakafu ya uwanja.

“Deo, umekunywa?”

“Sijanywa, dada.”

“Mama alikuwa anacheza mpira?”

Nikaanza kumweleza habari za msimamo, jinsi tulivyobakiza kidogo, jinsi wale vijana wanavyonitegemea. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza siku gani. Nikamtajia.

Kiwanja mama alikuwa amekiandikisha kwa jina langu, ili nipate sababu ya kurudi. Kwa hiyo dada hakuwa na uwezo wa kunizuia, na hakujaribu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikasaini kukitoa kwa chuo. Nilikuwa na akili timamu. Kwenye karatasi hakuna aliyenidanganya, ahadi ya uwanja haikuwa kwenye karatasi. Ilikuwa mdomoni mwa Magesa, na kwangu mdomo wa Magesa ulikuwa unatosha.

Siku ya kuhamisha tulikuwa wachache. Bwana afya na vijana wake, katekista, mimi na dada. Nisiwachoshe na yaliyotoka ardhini... Yalikuwa machache kuliko nilivyofikiri. Yalikaa kwenye sanduku dogo ambalo mtu mmoja aliweza kulibeba, na nililibeba mimi.

Dada hakulia. Alikuwa amekuja na panga na gunia. Wakati sisi tuko kaburini yeye alikuwa anang’oa machipukizi ya migomba ya mama, moja moja, na udongo wake. Alipomaliza akafunga gunia, akanitazama.

“Wewe ulikuwa huwezi kutulia,” alisema. “Sasa umemfanya na mama asitulie.”

Tukamzika kwenye makaburi ya umma, ng’ambo nyingine ya mji. Dada akaenda Misungwi na gunia lake. Simu zangu hakupokea tena.

Je, nilijuta? Ningependa kuwaambia kwamba nilijuta siku ile. Hapana. Saruji ilimwagwa, mistari ikachorwa, magoli yakasimama, na katikati wakaandika Uwanja wa Mama Editha kwa rangi ya bluu. Nilipodundisha mpira mara ya kwanza na ukarudi mkononi bila kukimbilia mawe, nilisahau kila kitu.

Msimu ule hatukupoteza mechi nyumbani. Tukashika nafasi ya kwanza kanda nzima. Fainali za vyuo zikaletwa kwetu, watu wakakaa hadi juu ya mawe ya jirani, redio ikatangaza. Kulwa na wenzake walinibeba juu juu, Magesa akanikumbatia mbele ya mkuu wa chuo akisema, “Huyu nilicheza naye!” Picha ya timu ikawekwa kwenye mabango ya chuo barabarani. Mimi nilikuwa pembeni kabisa mwa picha, nacheka.

Mwaka uliofuata wanafunzi wakaja wengi. Walijaa mabwenini, walijaa vyumba vya kupanga Buswelu yote, wengine wakalala wanne kwenye chumba cha wawili. Jina lilikuwa limeuzika.

Magesa aliniita ofisini. Safari hii hakukuwa na soda. Alisema kikao cha chuo kimeona hosteli mpya inahitajika haraka. Sehemu nyingine zote za chuo ni mwamba, kuupasua ni gharama. Sehemu tambarare ni moja.

Nilimwambia kwamba alisema uwanja utakuwepo maadamu chuo kipo.

“Nilisema,” alijibu. “Na nilimaanisha. Lakini mimi siyo chuo, Deo.” Akavua miwani, akaifuta. “Timu inakula. Usafiri unakula, viatu vinakula, posho inakula. Hosteli inalipa. Wakiniuliza mimi mtu wa fedha, niseme nini?”

“Waambie palikuwa na kaburi la mama.”

“Nitawaambia vipi wakati halipo?”

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Alisema kama mtu anayenisaidia kuhesabu.

Timu ilivunjwa. Kwenye msimamo wa msimu ule jina letu halikuwepo hata mkiani. Kazi yangu ya kudumu ilikuwa ya ukocha, na timu haipo, kwa hiyo na kazi haipo, na chumba kikafuata. Kulwa alijaribu kunichekesha. “Kocha, sasa tukachezee wapi, ziwani?” Nikamwambia asome amalize.

Tingatinga lilipokuja nilisimama kwenye uzio, pale pale Magesa aliponiitia siku ile. Saruji ilipasuka kirahisi. Walianzia upande wa mashariki. Nilitegemea nisikie kitu moyoni, hasira, uchungu, chochote... Nilihisi jua tu kwenye shingo.

Nikavuka ziwa kuja Nansio kupakua mizigo, na baadaye nikarudi Mwanza, nikaenda makaburini kumweleza mama. Sikumpata. Kibao cha mbao kilikuwa kimeanguka au kimeng’olewa, na makaburi mapya yalikuwa yamejaa pande zote. Nilizunguka, nikarudi, nikazunguka tena, nikisoma majina ya mama wa watu wengine. Nikajikuta ninauliza kwa sauti, “Uko wapi sasa?” Mchimba makaburi akageuka akadhani namwita yeye.

Siku iliyofuata nikaenda Misungwi.

Dada alikuwa uani anamenya ndizi. Nyuma yake ilisimama migomba ya mama, imepandwa kwa mistari, minene, mmoja umeinama kwa mkungu.

“Shikamoo, dada.”

Alimaliza ndizi aliyoshika kwanza. “Marahaba. Kaa, chakula kinakaribia.”

Nilimweleza habari za hosteli na za kibao. Hakusema “nilikwambia.” Alisema tu kwamba kaburini yeye anapajua, huwa anakwenda, na kwamba iko siku atanionyesha. Siku gani, hakutaja.

Tulikula. Nilipoaga nikamwomba chipukizi moja la mgomba, hata dogo, la kubeba. Dada akasimama akachukua jembe. Akaenda kwenye mgomba, akainama, akachagua. Halafu akanyooka bila kuchimba.

“Nikikupa,” alisema, “utalipanda wapi?”

Hakuuliza kwa kunisuta. Alitaka kujua kweli, alikuwa ameshika jembe anasubiri. Nikafikiri Nansio, nikafikiri chumba changu, nikafikiri miji yote niliyopita.

Dada akaliweka jembe chini taratibu, akanisindikiza hadi barabarani.

Ninyi mnaosoma, siwakatazi kupenda mchezo, wala chuo, wala rafiki wa zamani. Kama mtu wako amelala kwenye kipande cha ardhi, na watu wenye akili na lugha nzuri wanakuja na kamba kukipima, waacheni wapime waondoke. Msiwe ninyi wa kwanza kufungua mdomo. Na kama mmeshaufungua kama mimi, nendeni mkaweke kibao cha chuma, chenye jina, kabla hamjapanda gari la kwenda mji mwingine.

Mimi nimeshakiagiza changu kwa fundi hapa Nansio. Kimekwisha, kiko chini ya kitanda. Ninasubiri dada aniambie ni siku gani.