Ngazi ya Shangazi

Kila alipotoka shule, Kiherehere alipitia hospitalini kwa shangazi yake, fundi wa mtandao. Jina hilo binti huyo alipewa nyumbani, na lilimstahili, maana mikono yake haikujua kutulia. Siku hiyo Shangazi alikuwa amemfundisha maktaba ya Python, mkusanyiko wa amri zilizokwisha andikwa katika lugha hiyo ya kompyuta, inayoiwezesha programu kuzungumza na kiini cha Linux, moyo wa mfumo wa kompyuta, kile kinachoendesha kadi za mtandao ndani ya kompyuta.

"Kiini hakikuulizi kama una uhakika," alimwonya. "Ukikiambia kizime kadi, kinazima. Jaribu kwenye kompyuta yako tu. Seva, kompyuta kuu inayopitisha majibu yote ya hospitali, usiiguse."

Shangazi alipoitwa wodini, binti akashindwa kujizuia. Aliingia kwenye seva kupitia mtandao, akaamuru kadi yake izimwe, akidhani ataiwasha papo hapo. Kumbe kadi hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuifikia seva. Alikuwa amejifungia nje.

Majibu ya damu yakakwama maabara, na mgonjwa aliyeyasubiri ili aongezewe damu alikuwa tayari kwenye chumba cha upasuaji. Shangazi akarudi mbiombio.

"Umegusa kitu?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi ni antena ya paani. Njoo unishikie ngazi."

Nje kulikuwa na manyunyu. Kiherehere aliishika ngazi. Alitaka kusema, ila aliogopa kufukuzwa katika chumba kile cha seva alichokipenda mno. Shangazi alipokaribia paa, mguu ukateleza. Akaangukia saruji, na mkono wake ukavunjika.

"Shangazi, ni mimi," binti alilia. "Nimezima kadi ya seva."

Shangazi aliinuka, ameushika mkono. Kisha akajikongoja hadi chumbani, akaegemea mlango, uso umemsawijika kwa maumivu.

"Kaa mbele ya kibodi ya seva yenyewe, hiyo haihitaji mtandao. Andika ninachokwambia."

Mstari mmoja tu wa amri, kadi ikawaka, na majibu yakapita. Muuguzi aliyekuja kumfunga Shangazi mkono alisema mgonjwa amepata damu, lakini amecheleweshwa, na hali yake bado ni mbaya. Kiherehere akainamisha kichwa.

"Kuzima kadi ni kosa la mwanafunzi," Shangazi alisema taratibu. "Umeona lilivyorekebishwa. Lakini ulinishikia ngazi huku ukijua napanda bure. Ungesema pale nilipokuuliza, mgonjwa yule asingesubiri, na mimi nisingeanguka. Ukikosea, sema palepale, hata kama unaogopa."

"Nisamehe, Shangazi. Nisije tena?"

"Kesho uje mapema. Mkono uliovunjika ndio ninaoandikia."