Shahidi wa Cherehani

Kila alasiri Swafiya alishuka hadi barazani kwa shangazi yake, Bi Mukandekezi, fundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo. Hapo alikunywa chai, akala andazi, akazungusha mpini wa cherehani cha mkono kwa raha zake, kisha huyoo, akaenda kuruka kamba. Hakushona hata kifungo kimoja. Ya nini? Siku ya Idi shangazi alimpapasa kichwa akamwambia, "Mwanangu, siku moja cherehani hiki kitakuwa chako." Tangu hapo alikihesabu kuwa mali yake.

Likizo kubwa ya mwaka 1984 ilipoanza, shangazi alipata kazi ya kushona sare za wanafunzi wa shule ya Kabuga, kaptura za kaki na magauni ya buluu.

"Swafiya," alisema, "njoo kila siku unitilie vifungo mpaka sare ziishe. Nami nitakupa cherehani cha mkono, maana nimeshapata kile cha miguu."

"Mimi? Likizo ni ya kucheza, shangazi!"

Shangazi akamgeukia Mukeshimana, binti wa jirani, aliyekuwa amekuja kuazima pasi. "Na wewe je?"

"Nimekubali, mama," alisema Mukeshimana. Wakapeana mikono.

"Swafiya, wewe ndiwe shahidi," alisema shangazi.

Swafiya alicheka. Alijua Mukeshimana hatamaliza siku tatu.

Mukeshimana alimaliza wiki sita. Alikuja asubuhi, akaondoka jioni, na vidole vyake vikajaa alama za sindano. Wateja wakaanza kumsifu. Kigoda alichozoea kukalia Swafiya sasa kilikuwa cha Mukeshimana, na andazi la kwanza lilikuwa lake pia. Swafiya aliona wivu, wivu hasa, hata chai akaiacha ipoe. Kila alipomwona mwenzake akigusa ule mpini alitamani kumsukuma.

Sare zilipokaribia kwisha, habari ililetwa kwamba binti wa shangazi amejifungua huko Butare. Shangazi alifunga mizigo upesi, akaondoka, baraza akamwachia mumewe, Mzee Kalisa. Siku tatu baadaye Mukeshimana alitia kifungo cha mwisho, akakunja gauni, akasimama mbele ya mzee.

"Baba, sare zimekwisha. Nimekuja kuchukua cherehani."

"Yampaye inka! Cherehani kipi?" Mzee Kalisa alimaka kwa Kinyarwanda. "Karatasi iko wapi?"

"Hatukuandika. Mama aliniahidi hapa hapa, na Swafiya alikuwapo."

Mzee Kalisa akamtazama Swafiya. "Ulisikia?"

Swafiya aliangalia kile cherehani. Kilikuwa chake, kwa nini kichukuliwe na mtoto wa jirani? "Sikusikia kitu," alisema.

Mukeshimana alificha mikono nyuma ya gauni lake, na machozi yakaanza kumtoka.

"Basi ni maneno ya barazani tu," alisema Mzee Kalisa. "Bila karatasi hakuna deni."

Bwana Nsengiyumva, karani wa mahakama, alikuwa pale akijaribu koti lake. "Hapo umekosea, mzee," alisema huku mkono mmoja ukiwa bado nje ya koti. "Karatasi husaidia kuthibitisha tu. Mmoja akisema, nifanyie hiki nikupe kile, na mwenzake akakubali, wamefungana. Huyu akishafanya kazi yake, yule hawezi kuruka. Kwetu mahakamani hata neno la mdomo husimama, ila lipate shahidi mkweli."

"Na mtu akiambiwa tu, siku moja kitakuwa chako?" Swafiya aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umetoa nini ili ukipate?"

Swafiya alikumbuka maandazi aliyokula bure.

"Hayo ni mapenzi, binti yangu. Mshukuru aliyekuambia, lakini huwezi kumdai."

Mukeshimana alikuwa ameanza kushuka ngazi. Swafiya aliona vile vidole, akajua kwamba akinyamaza sasa, wiki sita za mwenzake zitapotea kwa ajili ya ulimi wake.

"Baba, nimesema uongo!" alilia. "Nilisikia yote. Shangazi aliniambia mimi kwanza, nikakataa. Mukeshimana akakubali, wakapeana mikono. Mimi ndimi shahidi. Niliona wivu."

Mzee Kalisa alimwita Mukeshimana arudi, akakifuta cherehani vumbi, akakifunga ndani ya kitenge, na mwenyewe akamtwisha Mukeshimana. Swafiya alikitazama kikipanda njia ya Nyamirambo. Moyo ulimuuma bado, lakini chai aliyopewa jioni hiyo aliinywa yote.

"Mwanangu," alisema Mzee Kalisa, "shamba la mwenzako huwezi kulivuna kwa kulionea wivu. Na neno ulilosikia ni amana. Ukilificha, umeiba." Akasogeza rundo la kaptura mbele ya Swafiya. "Shule nyingine imeleta kazi. Nitilie vifungo mpaka ziishe, nami nitamwomba shangazi yako akufundishe kukata nguo. Unasemaje?"

Swafiya alifuta machozi. "Nimekubali, baba. Lakini tumwite Mukeshimana kwanza."

"Wa nini tena?"

"Awe shahidi."