Mwiko wa Mama Madeleine

Mteja wa kwanza kutema alikuwa Samy, fundi wa baiskeli, na Samy alikuwa hajawahi kutema kinywaji tangu azaliwe.

"Mama Blandine, munkoyo ya leo iko na muchanga," alisema, akichungulia kikombe chake.

"Ni mizizi. Sikuiosha muzuri. Leta nikubadilishie."

Mizizi aliiosha mara tatu. Chini ya kikombe kulikuwa na chenga za kijani, rangi ya mawe ya shaba yanayochimbwa Kamatanda. Blandine alizimwaga upesi, kama mtu anayeficha barua.

Mtaa mzima wa Kikula unaijua munkoyo ya nyumba ya Blandine. Bibi yake Numbi ndiye aliyeanza, akipika uji wa mahindi katika chungu kimoja na kuuchanganya na mizizi iliyopondwa, ukalala ukachacha, na asubuhi watu wa kiwandani wakapanga foleni. Binti yake Madeleine, mama yake Blandine, akaongeza mapipa. Lakini urithi wenyewe haukuwa chungu wala pipa. Ulikuwa mwiko mrefu, mweusi kwa miaka, usioguswa na sabuni, kwa sababu ndio unaobeba chachu ya jana kuiingiza katika uji wa leo. Mama akikaribia kufa hutaja jina la binti atakayeushika, na neno lake halipingwi.

Siku Mama Madeleine alipotaja jina, Blandine alikuwa peke yake naye hospitalini. "Carine," mama alisema. "Mwiko ni ya Carine." Dada yake mkubwa, aliyemwita yaya, alifika baada ya saa moja, amelowa mvua, mama amekwisha kufa.

"Aliacha neno gani?" Carine aliuliza.

"Aliniachia minye mwiko, yaya."

Carine alimtazama sana. "Basi uipike muzuri," akasema, akaondoka. Hakugombana, na afadhali angegombana. Alikwenda Kamatanda kuchimba mawe, na msimu wa mvua uliofuata shimo likamporomokea. Walipomtoa, kinywa chake kilikuwa kimejaa udongo wa kijani. Binti yake Jessy, mwanamke wa miaka ishirini, akahamia kwa mama yake mdogo na kuosha vikombe bila kusema mengi. Samy alitema wiki mbili baada ya msiba.

Blandine alibadilisha unga. Akachuja kwa kitambaa. Chenga zikarudi. Mwiko aliouning'iniza mkavu ukutani aliukuta asubuhi unadondosha maji, unanuka shimo la mvua. Wasemao njia ya mwongo ni fupi wangemwona akiitembea ile yake, kutoka jikoni hadi uani, siku nzima, hana pa kufika.

Kisha ikaja adhuhuri moja, jua limesimama juu ya mabati na redio ya jirani inaimba, Jessy amekwenda sokoni, na Blandine, akiwa amekaa peke yake akiponda mizizi, akasikia ndani ya pipa lililofunikwa kitu kikikoroga, polepole, mizunguko mitatu na kugonga ukingo mara moja, mizunguko mitatu na kugonga, namna ile ile aliyokuwa akikoroga Carine tangu wakiwa wasichana, na mwiko wenyewe ulikuwa umelala mapajani mwake, na ulianza kulowa.

"Yaya?" alinong'ona.

Kikagonga mara moja.

Pasta Evariste aliitwa siku ile ile. Aliomba, akapaka pipa mafuta, shati likamlowa mgongoni. Aliposhika mwiko aliuachia haraka.

"Mama, hii kintu haitaki kutoka," alisema kwa sauti ya chini. "Inasema hapa ndo kwake. Inasema weye ndo mugeni. Hii mwiko ni ya nani?"

Blandine alimtazama Jessy aliyesimama mlangoni na beseni la vikombe.

"Ya mama yako," alimwambia. "Mama alimutaja yeye. Nilisema bongo, niliwadanganya."

"Najua, mama mudogo," Jessy akasema. "Mama naye alijua. Alisema tukuachie, sababu uko unaogopa sana njaa."

Blandine alilia kwa sauti mbele ya pasta. Kisha akainuka, akamkabidhi Jessy mwiko kwa mikono miwili, na pipa likanyamaza.

Munkoyo ya kwanza ya Jessy ilitoka nyeupe, tamu. Samy alikunywa vikombe viwili akaomba cha tatu. Kwa desturi ya nyumba, mpishi humpa mkubwa wake kikombe cha asubuhi, naye Jessy alimletea Blandine chake akiwa amepiga goti.

Blandine alitazama chini ya kikombe. Udongo wa kijani ulikuwa umetulia pale. Akatazama cha Jessy, kilichochotwa pipa lile lile. Kilikuwa safi.

"Iko muzuri, mama mudogo?"

"Iko muzuri," Blandine akasema, akameza yote, na kesho yake akaletewa kingine.