Mkanda wa Kunolea

Jirani yetu fundi viatu tulimwita Jiwe, wala hakuchukia. Jina alilipata utotoni, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona chozi lake, hata siku baba yake alipomchapa mpaka shati likagandia mgongoni.

Marehemu baba yake naye alikuwa fundi viatu, bingwa wa kushona soli, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alichapa kwa ule mkanda mnene wa kunolea visu, uliotundikwa kwenye msumari karibu na dirisha. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, alizoea kusema, kisha huinua mkono: "Lia tuishe." Dada mtu alikuwa mjanja, alilia kabla hajaguswa, kazi ikaisha. Jiwe aling'ata meno. Basi haikuisha. Ila asubuhi yake alikuta viatu vyake vya shule mlangoni, vimepakwa rangi, vinang'aa, na mzee hasemi neno. Vya dada havikuguswa. Hiyo ndiyo iliyokuwa samahani ya mzee, na Jiwe alivichukia viatu vile kuliko mkanda, maana vilimfanya ampende.

Mzee alipokufa, Jiwe hakulia. Wakati wa kufukia, aliuchomoa mkanda chini ya koti akaudondosha kaburini, udongo ukaufunika. Alijisemea, bora uende naye, usije ukamgusa binti yangu. Masikini! Alidhani amezika mkanda, kumbe amemrudishia mwenyewe mkononi.

Msiba ulipoisha akafungua karakana ya mzee. Ilikuwa alasiri ya kawaida, jua limeingia dirishani, redio ya jirani inaimba. Binti yake, mtoto wa darasa la pili, alikaa chini ya meza ya kazi akiandika masomo yake, miguu mitupu, viatu vyenye vumbi kavitupa pembeni. Jiwe alikuwa anapaka gundi. Ndipo aliposikia kisu kikinolewa.

Shwa. Shwa. Taratibu, kama anavyonoa mtu asiye na haraka.

Kisu chake kilikuwa mezani. Msumari ulikuwa mtupu. Mlango ukajifunga.

Pigo la kwanza lilimlaza kifudifudi juu ya meza. Shati lilichanika, na ngozi pamoja nalo. La pili lilimpasua sikio. Damu ikadondokea kwenye gundi. Hakuona mtu, aliona udongo mbichi tu, ukimwagika hewani kila mkanda ulipopanda. Akanyakua nyundo, akapiga upepo. Kitu kikamkamata kiwiko, kikakisokota mpaka mfupa ukalia.

"Lia tuishe."

Sauti ileile, na kikohozi kilekile. Jiwe alitaka kulia, wallahi alitaka. Machozi hayakuja. Alikuwa amesahau yanatokea wapi.

Kisha mapigo yakakoma. Chini ya meza, mtoto akanong'ona:

"Baba, babu anasema nilie."

Jiwe akajitupa juu yake, akamfunika kwa mwili mzima. Mkanda ukashuka. Ubavu ukavunjika. Ukashuka tena. Shavu lake lilikuwa limebanwa sakafuni, na mbele ya macho yake viko vile viatu vidogo vyenye vumbi. Akamwona mzee alfajiri, amejikunja na brashi, akisugua viatu vya mwanawe, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kumwomba radhi. Hapo kilio kikamtoka, kikubwa, cha makamasi, cha miaka yote.

"Baba, basi. Nalia, baba," Jiwe alimlilia mzee.

Mkanda ukatulia. Mlango ukafunguka. Redio ya jirani ilikuwa bado inaimba.

Akamgeuza mtoto, akamkagua kwa mkono mmoja mzima uliobaki. Mguuni kulikuwa na alama pana, nyekundu, imevimba. Pigo moja lilikuwa limempita yeye likamfikia mtoto. Lakini macho ya mtoto yalikuwa makavu, na meno ameyang'ata.

"Mimi sikulia, baba," alisema, kwa fahari.

Jiwe akainua kichwa. Kwenye msumari karibu na dirisha mkanda ulikuwa umetundikwa, una udongo, bado unayumba. Na pale mlangoni, vimepangwa sawasawa, vilikuwepo viatu vidogo vya shule, vimepakwa rangi, vinang'aa.